Njia fupi kutoka Tseikuru hadi Mlima Kenya

Samahani kwa kimya cha wiki kadhaa. Leo siandiki juu ya Linux wala Python. Nataka kuwasimulia safari, ingawa mkinijua mnajua tutaishia kwenye kompyuta tu :-)

Baba yangu alifundisha jiografia shule za msingi huku Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, hadi alipostaafu. Kila mwaka aliuchora Mlima Kenya ubaoni, akaupaka chaki nyeupe kileleni na kuandika pembeni: mita 5,199. Lakini mlima wenyewe hakuwahi kuukaribia. Aliuona tu asubuhi zisizo na ukungu, akiwa juu ya kilima, kijipande cha bluu upande wa magharibi.

Miaka mitatu iliyopita aliniambia, "Mwanangu, siku moja nipeleke nikauone." Nikamjibu, "Sawa baba, tukimaliza huu mradi." Wanaoandika programu mnajua kwamba mradi hauishi. Huo ulipokwisha ukaja mwingine.

Kisha mwaka jana daktari akatuambia baba ana glakoma, ile watu huita presha ya macho. Ugonjwa huu huharibu neva ya jicho polepole, bila maumivu, na mara nyingi huanza kula pembeni mwa picha. Mtu anabaki akiona kama kupitia bomba. Dawa za matone huzuia usiendelee, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Hapo ndipo nilipoomba likizo.

Mjomba wangu ana matatu. Tulingoa viti vya nyuma, tukatandika godoro, tukapakia mtungi wa gesi, madumu ya maji, blanketi zote za nyumbani na sufuria ya muthokoi ambayo mama aliipika usiku kucha. Sababu ya kulala garini ni moja: Mlima Kenya huonekana vizuri alfajiri, na mara nyingi kabla ya saa nne asubuhi mawingu yameufunika. Ukitaka kuuona, amka ukiwa karibu.

Ubishi ulianza kabla hatujatoka. Programu ya ramani kwenye simu yangu ilichora mstari wa kuelekea Tharaka moja kwa moja, ng'ambo ya mto Tana. Mlima uko kama kilomita 100 tu kutoka kwetu ukipima kwa rula. Baba akaniuliza, "Hiyo simu inajua mchanga?"

Hapa nisimame kidogo. Programu nyingi za ramani zimejengwa juu ya wazo ambalo Edsger Dijkstra alilichapisha mwaka 1959. Barabara ni mistari, njia panda ni nukta, na kila mstari una gharama yake. Kompyuta hutafuta njia yenye jumla ndogo ya gharama. Haikosei hesabu. Inayokosewa ni ile gharama uliyoiandika. Kama hakuna aliyeiambia kwamba mto fulani wa msimu una mchanga wa kumeza magurudumu, kwake hiyo ni barabara tu.

Basi tukafuata gharama za baba: Kyuso, Mwingi, Kangonde, kisha kulia kuelekea Embu. Tulivuka Tana kwenye eneo la mabwawa ya Seven Forks. Maji yale yale hupita Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kila kituo kinazalisha umeme wake. Hakuna mwanaprogramu aliyewahi kutumia kitu kimoja mara nyingi kwa faida kama hiyo.

Baada ya Embu barabara ilianza kupanda na vumbi likabadilika kuwa chai na migomba. Baba alikuwa mbele, anafundisha. Alisema tarehe 3 Desemba 1849 mmishenari Johann Ludwig Krapf aliuona mlima huu akiwa Kitui, na kwamba Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, ndiye aliyemweleza habari zake. Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba Wakamba waliuita mlima wa mbuni dume, kwa weusi na weupe wake. "Jina la nchi hii limepita mdomoni mwetu," akasema.

Huko Ulaya wapo mabingwa wa jiografia waliokataa kwamba theluji inaweza kukaa kwenye ikweta. Mlima ulisubiri hadi 1883 Joseph Thomson alipouthibitisha. Wenzangu wa fani, hilo jibu mnalifahamu: "Kwenye mashine yangu haitokei."

Tulipita Chuka na Meru, tukafika Timau giza limeingia. Tuliegesha kwenye kituo cha mafuta kwa ruhusa ya mlinzi. Baridi! Mama alilalamika hadi akasinzia.

Saa kumi na mbili nilimshika baba mkono tukashuka. Njiani alijikwaa kwenye jiwe lililokuwa karibu kabisa na mguu wake. Nikaogopa kwamba tumechelewa. Kisha akainua uso, akageuza kichwa taratibu kama mtu anayetafuta stesheni ya redio, akatulia.

"Upo," akasema. "Wote umeingia."

Jiwe lilikuwa pembeni, halikuingia kwenye lile bomba lake. Mlima ulikuwa mbali vya kutosha kuenea ndani.

Akatazama muda mrefu. "Mbona weupe ni kidogo hivi? Niliwachorea watoto theluji nyingi mno." Nikamwambia barafu imepungua sana, na kwamba mwaka 2022 UNESCO ilionya kuwa ya Mlima Kenya na Kilimanjaro yaelekea itakuwa imekwisha ifikapo 2050. Akasema, "Basi sote wawili tumewahiana."

Kwa miaka mitatu nilihesabu gharama ya safari hii kwa siku za kazi nitakazopoteza. Macho ya baba sikuyaweka kwenye hesabu.

Glakoma hufuata damu. Tuliporudi nilikwenda kupimwa, na kwa sasa niko salama. Kama kwenu yupo mwenye presha ya macho, nenda ukapimwe, hata kama unaona vizuri. Mradi utakusubiri.