Nani Alikuwepo Akaona?



Muhula huu, katika somo la falsafa ya maumbile, darasa letu liligawanyika juu ya swali ambalo ni rahisi kulitamka: je, mtu anaweza kusema anajua jambo ambalo hakuna binadamu aliyeliona likitokea? Wenzetu wengine walishikilia kwamba huko ni kukisia tu, hata ukikisia kwa vifaa vya gharama. Sisi wengine tulisema hapana, kuna kujua hasa. Ubishi ulihamia bwaloni, ukaendelea juu ya maharage, ukaingia nao vyumbani hadi kengele ya ukimya. Tunauleta hapa kwa sababu tulipokwenda kwenye utume wetu wa Jumapili, upande wa Kisarawe, tulikuta swali hilohilo linatungoja, na huko halikuwa swali la mtihani.

Mfano uliozua ubishi ulitoka mbali, kwenye ardhi ya Siberia ambayo chini yake haiyeyuki mwaka mzima. Mwaka 1901 wataalamu wa Urusi walimfukua mamothi kando ya mto Berezovka, mnyama wa jamii ya tembo mwenye manyoya marefu. Nyasi alizokuwa akitafuna zilikuwa bado katikati ya meno yake. Mwaka 2012 wataalamu wengine wa nchi hiyo walitangaza kwamba wameotesha mmea kutokana na matunda yaliyowekwa akiba na kindi shimoni mwake miaka takribani 32,000 iliyopita, na mmea huo ukatoa maua. Kwa kukusanya nyasi, mbegu, chavua na mifupa iliyoganda humo, wamejua kwamba sehemu kubwa za nchi ile, ambazo leo ni vinamasi na misitu ya baridi, zilikuwa mbuga kavu za nyasi zenye makundi ya wanyama.

Kwetu hakuna ardhi ya namna hiyo, ukiacha kileleni Kilimanjaro, ambako tutafika baadaye. Lakini pwani yetu ina kitu kinachofanya kazi ileile ya kutunza, nacho ni udongo wa mfinyanzi.

Ukitoka kwetu ukashika njia ya kusini, ukavuka Rufiji, unafika Kilwa na kisha Lindi. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa chini ya bahari zamani. Katika bahari hiyo waliishi viumbe wadogo mno wanaoitwa foraminifera, wengi wao wadogo kuliko punje ya mchanga. Kila mmoja alijijengea nyumba ya chokaa kutokana na maji aliyoishi ndani yake. Alipokufa, nyumba yake ilizama chini na kufunikwa na matope. Matope yakawa mfinyanzi, na mfinyanzi, kama ajuavyo kila aliyewahi kufinyanga chungu, haupitishi maji kirahisi. Nyumba hizo zilikaa humo makumi ya mamilioni ya miaka bila kuoshwa wala kubadilishwa, na leo ukiziweka chini ya hadubini zinang'aa kama kioo.

Kuanzia mwaka 2002 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Paul Pearson wa Uingereza, likishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC), lilichimba mashimo membamba katika maeneo ya Kilwa na Lindi na kutoa udongo huo kwa nguzo ndefu. Miongoni mwao alikuwamo Mtanzania mwenzetu, Joyce Singano wa TPDC, mtaalamu wa viumbe hao. Jina lake limebaki kwenye orodha ya viumbe: foraminifera mmoja wa kale aliyetambuliwa katika udongo wa Tanzania anaitwa Hantkenina singanoae. Tunakiri kwamba habari hii ilitufurahisha kuliko nyingine zote tulizosoma, na mwenzetu mmoja alilibandika jina hilo mlangoni kwake, karibu na picha ya Mtakatifu Karoli Lwanga.

Sasa, kiganda cha chokaa kinasemaje habari za joto? Ndani ya chokaa mna oksijeni, na oksijeni iko ya aina nyepesi na ya aina nzito. Maji yakiwa ya moto, kiumbe huingiza ile nzito kidogo pungufu, kwa kipimo kinachojulikana. Kwa hiyo anayepima kiganda anapima bahari iliyokijenga. Hapa ndipo pana jambo lililotusimamisha. Kwa miaka mingi viganda vilivyotolewa kwenye sakafu ya bahari kuu vilikuwa vikisema kwamba bahari za tropiki za zamani zilikuwa za ubaridi wa kushangaza, hata katika nyakati ambazo dunia nzima ilikuwa na joto na nchi za kaskazini zilikuwa na misitu. Habari hizo hazikukubaliana. Mwaka 2001 Pearson na wenzake walionyesha kwa nini. Viganda vya bahari kuu vilikuwa vimegeuka. Vilipokaa kwenye sakafu yenye maji baridi, chokaa yake ilijipanga upya, na kipimo kikawa cha sakafu badala ya kuwa cha juu ya maji. Viganda vilivyofungiwa kwenye mfinyanzi, vikiwamo vya Tanzania, vilisema habari nyingine: maji ya juu yalikuwa na joto la nyuzi 28 hadi 32 kwa uchache.

Kwa hiyo shahidi anaweza kusema uongo bila kukusudia, kwa kuwa alibadilika baada ya tukio. Darasani hoja hii ilitusaidia kuliko zote. Mtakatifu Augustino aliufundisha moshi na unyayo kuwa ni ishara za asili, zinazotuelekeza kwenye kitu ambacho hatukioni. Mtakatifu Thoma anatuonyesha njia ya kutoka kwenye tokeo kurudi kwenye kisababishi chake, na ndiyo njia anayoitumia hata kuthibitisha kuwa Mungu yupo. Anayeikataa njia hiyo kwa viganda vya Kilwa atueleze anaibakiza vipi kwa mambo makubwa zaidi. Ila njia hiyo inadai kwanza tuuchunguze unyayo wenyewe, kama haujakanyagwa na mwingine.

Na aliyeweka msingi wa kusoma matabaka ya ardhi ni mtu wa kwetu. Mwenye Heri Nicolaus Steno, mzaliwa wa Copenhagen, alipasua kichwa cha papa mkubwa huko Firenze mwaka 1666, akatambua kwamba yale mawe yenye umbo la ulimi yaliyookotwa milimani yalikuwa meno ya papa wa zamani. Mwaka uliofuata akaingia Kanisa Katoliki. Mwaka 1669 alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba tabaka la chini liliwekwa kabla ya la juu, jambo ambalo leo linaonekana dogo. Alikuwa padre, kisha askofu mwaka 1677, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1988.

Tukiwa na hayo kichwani tulitoka Kibaha. Kigango chetu kiko ndani ya wilaya ya Kisarawe. Tukishika njia ya Mlandizi tunaingilia Mzenga, tukishika njia ya mjini tunapita milima ya Pugu. Jumapili hiyo tulipita Pugu, kwenye ule udongo mweupe unaojulikana nchini kote, kaolini. Udongo wa namna hiyo mara nyingi hutokea pale mwamba unapolowa mvua nyingi katika joto kwa muda mrefu sana, hadi madini yake mengine yakaoshwa. Jirani yake ni msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, na kwenye kingo zake tulipishana na baiskeli za mkaa, kama kila wiki.

Baada ya ibada katekista alitualika tuwasimulie vijana tunayosoma. Tulifika kwenye mamothi na viganda, na mzee mmoja wa jumuiya akanyoosha mkono.

"Mafrateri wanangu, hayo yote mazuri. Lakini nani alikuwepo akaona?"

Hakuuliza kwa dhihaka. Alitueleza kwamba mjukuu wake, tangu aende chuo akaanza kusoma habari za mamilioni ya miaka, hataki tena kusali na wenzake, na anawaambia wadogo zake kwamba kitabu cha Mwanzo ni hadithi za bibi. Na sasa mafrateri nao wamekuja na mamilioni.

Tulimuuliza: "Shikamoo tena mzee wetu, nguruwe pori wanaingia shambani kwako?" Akasema wanaingia, tena juzi waliingia watatu, mmoja mdogo, kabla umande haujatua. Tukamuuliza nani alikuwepo. Kigango kizima kilicheka, naye akacheka, lakini hakutuachia. "Nyayo hizo ni za juzi," akasema. "Hizo zenu ni za lini?"

Tukampa habari za Laetoli, kule Ngorongoro, ambako mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilikuta nyayo za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano ya miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Katika majivu hayo kuna vishimo vya matone ya mvua. Manyunyu yaliyalowesha, yakashika kama saruji, yakafunikwa na majivu mengine, na wataalamu wanasema ilikuwa mwanzoni mwa majira ya mvua. Muda peke yake haufuti unyayo. Unyayo wa leo asubuhi mbwa akiupitia umekwisha, na uliofunikwa vizuri unakaa. Mzee alinyamaza kidogo, akasema mvua ya kwanza kweli hupiga vumbi namna hiyo.

Kuhusu mjukuu tulimwambia tunavyoamini: huenda kijana huyo alipewa kuchagua kati ya vitu viwili ambavyo Kanisa halimtaki achague. Papa Pio XII, mwaka 1943, alikwisha kuwataka wafafanuzi wa Maandiko watazame namna za uandishi walizotumia watu wa kale. Na Augustino aliwaonya Wakristo zamani wasizungumzie mambo ya maumbile wasiyoyajua mbele ya wanaoyajua, wasije wakaifanya imani yenyewe ichekwe. Tuliomba tuonane na mjukuu huyo akija likizo, kwa mazungumzo tu.

Hapo mama mmoja akauliza swali gumu zaidi. Mihogo yake inakauka, vuli haieleweki. Miaka milioni itamsaidia nini? Tulimjibu kwamba haitamletea mvua. Inachofanya ni kutuonyesha ukubwa wa mambo. Kutokana na viganda hivyohivyo vya pwani yetu, mwaka 2009 ilielezwa kwamba barafu kubwa ya Antaktika ilitanda miaka takribani milioni 34 iliyopita hewa ukaa ilipopungua hadi sehemu 760 hivi katika kila milioni za hewa. Kabla ya viwanda tulikuwa kwenye 280. Sasa tumevuka 420. Na Kilimanjaro, mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu ya kileleni, wakaikadiria tabaka la chini kuwa na miaka karibu 11,700, na ndani yake wakasoma dalili za ukame mkali wa miaka kama 4,000 iliyopita, uliodumu karne kadhaa. Walikuta pia kwamba tangu mwaka 1912 barafu hiyo ilikuwa imepungua eneo lake kwa asilimia 80 hivi. Kitabu chenyewe kinayeyuka, na hakina nakala nyingine mlimani.

"Kwa hiyo kikiisha, kimeisha?" katekista akauliza.

Tukasema vipande walivyovitoa vimetunzwa kwenye vyumba vya baridi vya chuo kikuu, Ohio, Marekani. Mzee wa nguruwe pori alifikiri, kisha akataka kujua kama huko Ohio umeme haukatiki.