Mafiga Ndani ya Maji

Pikipiki ilinishusha Dunga, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, asubuhi na mapema, kilomita chache kutoka katikati ya Kisumu. Begi langu lilijaa rangi, na kichwani picha zilikuwa tayari: mitumbwi, mawimbi, jua likizama. Nilikuwa nimealikwa kwenye kambi ya wiki moja ya wasanii na wenyeji wa ufuo. Sharti lilikuwa kwamba hakuna kuchora peke yako. Kila msanii alipewa mwenyeji wake, na karatasi tungejitengenezea kwa magugu maji.

Basi siku mbili sikugusa brashi. Tuliingia ziwani hadi magotini tukang'oa gugu, tukatupa mizizi na majani, tukabaki na mabua. Tuliyakatakata, tukayachemsha kwa magadi hadi yakalainika kama mlenda, tukayasuuza, tukayatwanga kinuni pamoja na karatasi kuukuu. Rojo lile hutiwa kwenye beseni la maji. Unazamisha fremu yenye wavu, unainyanyua polepole ukiitikisa kidogo ili nyuzi zishikane. Ukiwa na haraka, karatasi inatoboka. Zangu tatu za kwanza zilitoboka.

Gugu hili asili yake ni Amerika Kusini. Upande wa Kenya wa ziwa lilianza kuonekana karibu na mwaka 1990. Mwaka 1997 wakaachiliwa fukusi walitafune. Likapungua sana, kisha likarudi, maana chakula chake tunalipelekea sisi: maji taka ya miji na mbolea inayosombwa na mito. Upepo ukilisukumia kwenye Ghuba ya Winam, mitumbwi haitoki na nyumba nyingi hazina mboga jioni. Sijawahi kuchora juu ya kitu kilicholaaniwa na watu wengi kiasi hicho.

Mwenyeji wangu alikuwa mama msusi wa mikeka ya mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo. Siku ya tatu alinipandisha mtumbwi tukapenya katikati ya mafunjo yenyewe, marefu kutushinda. Ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa njano alipita mbele yetu. Yeye haishi pengine ila kwenye mafunjo. Mama akanieleza kwamba togo huzuia matope yasifike ziwani, na samaki wadogo hujificha humo. Yakikatwa ovyo au yakichomwa, vyote hivyo huondoka pamoja nayo.

Tulipotoka upande wa pili, aliacha kupiga kasia.

“Mwanangu, shusha kasia lako hapo. Lisimamishe wima.”

Nikalishusha. Likagota kwenye kitu kigumu.

“Huo ni msingi wa jiko langu,” alisema.

Mwaka 2020, baada ya miezi ya mvua isiyopumzika, ziwa lilifika kimo ambacho halikuwa limekifikia tangu miaka ya 1960. Mwaka 2024 likapanda tena. Nilikuwa nimezisoma habari hizo gazetini. Kulisikia jiko la mtu kupitia mpini wa kasia ni jambo jingine kabisa.

Jioni nilitandika karatasi yangu nzima ya kwanza, nikapaka maji ya buluu hadi ukingoni. Mama alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akaokota kipande cha mkaa, akachora mafiga matatu katikati ya ile buluu, akaanza kunionyesha mlango ulielekea wapi.