Sinema Iliyokataa Kuonekana

Nyumbani kwetu ni Kariakoo. Mama yangu huuza vitenge, na hesabu za biashara yake zimo katika kompyuta yetu ya mtumba, iliyonunuliwa Mtaa wa Aggrey ikiwa na Linux ndani yake.

Likizo iliyopita nilitaka kucheza mchezo mmoja wa zamani uliotengenezwa kwa ajili ya Windows. Nilitumia Wine, programu iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo kazi yake ni kama ya mkalimani kati ya mchezo wa Windows na Linux. Mchezo ulikwenda vizuri. Lakini kila ilipofika sinema fupi ya kueleza kisa, kioo kilikuwa cheusi tii. Mdogo wangu akauliza, "Kaka, tunapigana na nani, na kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Nikaipeleka kompyuta kwa fundi mmoja. Akasema, "Kijana, dawa ni moja tu. Tufute kila kitu, tuweke Windows." Nilikuwa karibu kukubali, mara nikakumbuka hesabu za Mama na majina ya wanaodaiwa. Hazikuwa na nakala popote. Nikaichukua kompyuta nikarudi nyumbani.

Usiku ule niliuanzisha mchezo kwa kuandika amri, nikasoma mstari kwa mstari yale ambayo Wine ilikuwa ikilalamikia. Ndipo nikafahamu. Wine yangu haikuwa ikifungua sinema zile yenyewe, bali iliomba msaada wa programu nyingine iitwayo GStreamer. Hiyo nilikuwa nayo, lakini ya biti 64, na mchezo ulikuwa wa biti 32. Ni sawa na kumvalisha mtu miwani ya mwenzake. Nikanunua bando, nikaweka GStreamer ya biti 32 pamoja na viongezo vyake vya kufungulia sinema. Lo! Picha zikatokea, na sauti yake. Mdogo wangu akaruka kwa furaha.

Asubuhi nilinakili hesabu zote katika flashi, kisha nikamweleza Mama jinsi nilivyokaribia kuzipoteza. Alinyamaza kitambo, akasema, "Mwanangu, siku nyingine niulize kwanza."

Wasomaji wenzangu, tusikubali kubomoa nyumba kwa sababu ya mlango mmoja uliokwama. Tutafute kwanza kilichoukwamisha.