Saa ya Marehemu Baba na Adhana ya Magharibi

Jambo nitakalolieleza lilitokea hapa kwetu Kituntu katika Ramadhani ya mwaka 1442, yaani 2021, na mwenye kosa ni mimi.

Marehemu baba aliniachia saa ya mkono ya Uswisi, ya kutiwa ufunguo, aliyoinunua kwa fedha za kahawa. Kwa saa hiyo nikaupenda ufundi huu, si kwa kutafuta ujira bali kwa kuliwaza moyo baada ya darasa, na watu huniletea saa zao kuukuu. Ndani yake mna utepe wa chuma uliokunjwa, ndio kamani, nao hulisukuma gurudumu dogo liendalo huku na huku mara 5 kwa sekunde, yaani mara 18,000 kwa saa moja. Kilirudishacho ni uwaya mwembamba kama unywele, uliozungushwa mfano wa konokono. Ukiufupisha kidogo, saa hukimbia, ukiurefusha, hukawia. Hapo ndipo penye ufundi wote, na hapo ndipo nilipojiona nimekuwa fundi.

Basi naliirekebisha saa ya baba hata isipoteze dakika kwa siku tatu, nami nikajisifu msikitini. Sisi wa Karagwe hatuwezi kufuturu kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam, kwani katika miezi ya masika jua la huko hututangulia kuchwa kwa zaidi ya nusu saa. Muadhini wetu hutazama jua, na mawingu yakiziba vilima hutegemea saa.

Siku moja ya mvua nikamwashiria aadhini. Mwanafunzi wangu mmoja akaninong'oneza, "Maalim, simu yangu na saa yako zapitana dakika 11." Nikamkemea mbele ya watu, ati saa hii ameirekebisha mwalimu wako! Tukala tende. Kabla hatujamaliza maji, mawingu yakafunguka, na jua lile pale juu ya kilima.

Ilitupasa kuilipa siku ile, kwa kauli ya wanavyuoni wengi. Wapo waliofikwa na jambo kama hilo siku ya mawingu katika zama za Mtume s.a.w., lakini sikujua kama kati yao alikuwapo aliyekwisha kuonywa.

Kosa nililigundua kwa dira ya kibla: nilipoisogeza karibu na saa, sindano ikageuka. Alfajiri ile, baada ya kuitia majira kwa redio, nalikuwa nimeilaza saa juu ya spika ya msikiti, nayo ina sumaku. Sumaku ikayagandamanisha mapindo ya ule uwaya, ukawa kama uliofupishwa. Fundi redio mmoja wa Kayanga aliipitisha katika koili ya umeme, ikapona.

Kijana nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimkemea. Siku hizi huja jioni kunishikia taa nikifungua saa, na kabla muadhini hajasimama humwuliza simu yake yasemaje.