Kaseti Isiyo na Bendi

Mwezi huu nina habari ya kaseti mbili. Moja ni ya mzungu, ingine ni ya kwetu.

Mzungu mwenyewe ni Bruce Springsteen, mwimbaji wa rock wa Marekani. Bendi yake ina kishindo kweli: ngoma, piano, saksafoni. Basi Januari 1982 akajifungia chumbani, katika nyumba aliyopanga kule Colts Neck, New Jersey, na gitaa lisilo la umeme, harmonika na mashine ndogo ya kurekodi kwenye kaseti. Alitaka tu kuwaonyesha wenzake nyimbo mpya. Kaseti hiyo akatembea nayo mfukoni, hata kasha hamna! (Sisi tunaojua vumbi la huku tunashika kichwa.) Baadaye bendi ikazijaribu studio, lakini kuna kitu kikapotea. Nyimbo zenyewe ni za mtu aliyeachishwa kazi, za muuaji, za nyumba ya baba. Ukizipigia ngoma kubwa, huyo mtu humsikii tena. Mwishowe wakatoa kaseti ileile kuwa albamu, Septemba 1982, nyimbo 10, jina lake Nebraska. Ule mvumo wa kaseti umo humo humo.

Kijana wangu aliponiwekea kwenye simu mwaka jana, mimi nikamkumbuka kaka yangu. Kule Uvira alipiga gitaa la solo kwenye bendi. Tulipokimbia 1996, bendi ikatawanyika. Huku aliazima gitaa lililobaki na nyuzi nne, akarekodi nyimbo tatu kwenye redio-kaseti, usiku, betri zinaisha. Ndiyo maana mwishoni sauti inakimbia kama ya mtoto. Katikati unamsikia mama anakohoa, halafu anauliza, "Umekula?" Kaka anacheka, anaendelea. Wote wawili hatunao tena.

Sasa vijana wa kwaya wameniomba kaseti waisafishe kwa kompyuta, watie kinanda na ngoma, watoe kikohozi. Ni watoto wazuri, nia yao si mbaya. Nimewaambia wainakili hivyo hivyo, mama abaki. Wamenuna kidogo.

Jana mmoja kaja peke yake kuniuliza zile nyimbo zinapigwaje kwa nyuzi nne. Nimemwambia aje Jumapili na gitaa lake, tusikilize pamoja.