Habari za Lipiko

Methali yetu yasema kwamba kinyago ukichonga mwenyewe hakikutishi. Lakini Wamakonde, watu waijuao kazi ya kuchonga kuliko wengi, waliishi miaka mingi wakiviogopa, au wakijionyesha kuviogopa, vinyago vilivyotoka mikononi mwao wenyewe. Jambo hili tumelifikiri sana nyumbani mwetu, maana watoto hutuuliza, na walimu wenzetu nao huulizana: Je, lipiko ni sanamu ya kuabudiwa, au ni ngoma tu?

Lipiko ni kinyago cha kuchezea ngoma. Yakiwa mengi huitwa mapiko, na ngoma yenyewe yaitwa mapiko vile vile. Kwa Wamakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma, katika nchi ya Msumbiji, huchongwa kwa mti mwepesi likafunika kichwa chote kama chungu kilichopinduliwa. Upande wa Tanzania vyajulikana zaidi vinyago vya kufunika uso tu. Fundi hubandika nywele za mtu hasa, na chale za uso huziiga kwa kuzichonga au kwa nta ya nyuki. Kinyago cha mwanamke mara nyingi huwa na ndonya katika mdomo wa juu. Mchezaji avaaye lile la kichwa hulilaza nyuma kidogo, apate kuona kwa tundu la kinywa. Mwili wake nao hufunikwa nguo zilizokazwa, ngozi isionekane hata kidogo, na njuga zikalia kila apigapo hatua.

Taabu yote hiyo ilikuwa na sababu. Wanawake na watoto wasiotiwa jando waliambiwa kwamba huyo si mtu, bali ni mfu aliyetoka kaburini. Hata vijana walipoingia jandoni, walikutanishwa na lipiko lile lile lililowakimbiza utotoni, kisha likavuliwa mbele yao. Ndani yake walimkuta nani? Mtu wa kijiji chao, jirani, pengine mjomba. Ndipo walipoonywa vikali wasimwambie yeyote aliye nje.

Kwa fikira zetu, hapo ndipo palipo kiini cha habari yote. Nguvu ya lipiko haikuwa katika mti, ilikuwa katika siri. Mtoto ni yule aogopaye; mtu mzima ni yule ajuaye, akanyamaza. Tangu siku ile kijana hakukimbia tena, naye alikuwa ameshirikishwa kazi ya wakubwa. (Kwa habari ya wanawake, sisi twadhani wengi walijua siku zote. Mke atakosaje kuujua mwendo wa mumewe, hata akifunikwa nguo kumi?)

Twakiri kwamba jambo hili lina ugumu kwa nyumba ya Mkristo. Kumdanganya mama mzazi na kumtisha mtoto si mambo tuwezayo kuyasifu. Lakini kuna waliotutangulia ambao hawakulitupa jando zima kwa sababu ya sehemu yake. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, aliona kwamba ukimnyima kijana jando umemnyima njia ya kuwa mtu mzima mbele ya watu wake. Kwa hiyo yeye na wazee wa huko waliweka jando la Kikristo, lenye sala ndani yake, wakayaacha yasiyofaa. Kwa mfano huo twawaambia walimu: kwanza ulizeni kila kitu kilifundisha nini, ndipo mkate shauri.

Maana mti peke yake huenda popote. Karl Weule, Mjerumani, alizunguka kusini mwaka 1906, akavichukua vinyago hata Leipzig. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, nacho kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Tulifurahi kusikia kwamba kimerudi. Lakini kilirudi kabatini, nyuma ya kioo, wala hakuna kijana atakayevuliwa kinyago kile mbele ya macho yake akashangaa.

Huko Msumbiji mapiko yangali yakichezwa, na mambo yamegeuka. Wachongaji walikwisha zamani kuchonga sura za wageni, Wazungu na wengineo, ili watu wawacheke. Tena siku hizi viko vikundi vya wanawake wachezao mapiko, wao walioambiwa zamani kwamba ni mfu. Wazee wengine husikitika kwa hayo. Sisi hatusikitiki sana, ila twataka kujua wanawake hao huwafundisha nini binti zao wavuapo kinyago.

Karibu nasi yuko mzee wa Kimakonde, naye ni Mkristo wa siku nyingi. Binti yetu alimwuliza kama aliwahi kuvaa lipiko. Mzee akacheka kwa muda mrefu, kisha akamwonyesha mkewe aliyekuwa akipepeta mchele, akasema, "Mwulize bibi yako."