Bibi Asiyehesabiwa

Katika Kongwa, mkoani Dodoma, uchache wa maji na wingi wa nzi vimeulea ugonjwa wa vikope, ndio trakoma, kwa vizazi. Ukimrudia mtu mara nyingi tangu utotoni, kope hujikunja kwa makovu, na nywele zake hukwaruza jicho hata likapofuka. Aghalabu mgonjwa ni bibi mzee, naye huzing'oa nywele hizo kwa kibano apate nafuu. Mhesabuji asipoona unywele uliopinda, huenda akamwandika mzima.

Sharti mojawapo la Shirika la Afya Duniani ni wagonjwa hawa wasiojulikana na waganga wawe chini ya 2 katika kila watu 1,000 wa miaka 15 na zaidi. Basi aulizwe kwa adabu: "Bibi, nywele za kope huzing'oa?" Asiyeulizwa hutoweka daftarini, maumivu yake hayatoweki.